Kujifunza Kemia ya Kidato cha Tano na cha Sita kwa Njia ya Intaneti: Macho, Kalamu na Mikono

Wapo wanachuo wengi katika vyuo vyetu vya ualimu ambao walihitimu Kidato cha Nne, wakachagua kazi ya kufundisha katika shule za msingi, lakini hawakuizima kiu yao ya kusoma sayansi. Baadhi yao hujiandaa kufanya mtihani wa Kidato cha Sita wakiwa watahiniwa wa kujitegemea. Wengine hawana nia ya mtihani, bali wanataka kuijua kemia kwa kina kuliko kile watakachofundisha. Zamani mtu wa namna hiyo alitegemea vitabu vya kuazima na masomo ya jioni yaliyopatikana mijini. Siku hizi, akiwa na simu yenye intaneti, anaweza kumsikiliza mwalimu aliye mbali naye maelfu ya kilomita, na kumrudia mara kumi bila ya mwalimu huyo kuchoka.

Makala haya yanakusudia kueleza namna ya kujifunza kemia ya ngazi hiyo kwa njia ya intaneti. Hasa yanakusudia kuonyesha jambo moja ambalo aghalabu husahauliwa: kwamba somo linaloonekana katika kioo cha simu ni theluthi moja tu ya somo. Theluthi ya pili imo katika kalamu ya mwanafunzi, na ya tatu imo mikononi mwake. Jambo hili lina uzito wa pekee kwetu sisi walimu wa shule za msingi. Mwalimu aliyeisoma kemia kwa macho peke yake ataifundisha kwa mdomo peke yake. Na watoto walio mbele yake watatoka darasani wakiamini kwamba sayansi ni maneno ya kukariri.

Kujifunza kwa mbali si jambo geni

Huenda mtu akadhani kwamba kumfundisha mwanafunzi asiyeonana na mwalimu wake ni jambo lililoletwa na intaneti. Sivyo. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya kwa njia ya redio, na takriban watu milioni 2 walishiriki. Tukichunguza sababu za mafanikio ya kampeni ile, tunaona kwamba redio haikuachwa ifanye kazi peke yake. Watu walikaa katika vikundi, wakawa na kitabu na kiongozi wa majadiliano. Baada ya kusikiliza walijadiliana, kisha wakatoka nje kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Sauti ya redio ilikuwa mwanzo wa somo. Mwisho wake ulikuwa jembe.

Vivyo hivyo, baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, nchi ilihitaji walimu wengi kwa muda mfupi ili kutekeleza Elimu ya Msingi kwa Wote. Kuanzia mwaka 1976 makumi ya maelfu ya vijana walifunzwa ualimu kwa masomo ya posta na redio huku wakifundisha madarasani na kusimamiwa. Hapa pia maandishi na sauti viliambatana na kazi yenyewe. Na shule zilipofungwa tarehe 17 Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa UVIKO-19, hata kabla wanafunzi wa Kidato cha Sita hawajarejea tarehe 1 Juni mwaka huo, masomo ya redio, televisheni na intaneti yalitumika tena. Vyombo vimebadilika, lakini kanuni ni ile ile: somo la mbali hufaulu pale linapomfikisha mwanafunzi kwenye kazi.

Kile ambacho kioo huonyesha vizuri

Yatupasa kukiri kwanza kwamba yapo mambo ambayo somo la intaneti huyaonyesha vizuri kuliko ubao. Kemia ni elimu ya vitu visivyoonekana kwa macho. Atomi na molekuli ni ndogo mno, na mwalimu mwenye chaki hawezi kuzichora zikiwa katika mwendo. Chukua mfano wa msawazo wa kikemikali. Mwanafunzi anayesoma kitabuni kwamba mmenyuko umefikia msawazo hudhani kwamba kila kitu kimesimama. Katika picha inayotembea huona kwamba molekuli bado zinagongana na kubadilika, ila zile zinazoundwa na zile zinazovunjika zinakwenda kwa kasi moja. Kinachosimama ni kiasi, si mwendo.

Kwa kazi ya namna hii, programu za PhET zilizoanzishwa mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha Colorado huko Marekani ni za manufaa makubwa. Mwanafunzi hutazama na pia hubadilisha mwenyewe joto, kiasi au ukolevu, kisha huona matokeo. Programu hizo ni za bure, na nyingi zinaweza kupakuliwa na kutumiwa baadaye bila intaneti. Masomo ya Khan Academy nayo yanaeleza kemia hatua kwa hatua, kwa lugha ya Kiingereza. Hapa nchini, Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba ya mtandaoni yenye vitabu vya kiada. Muhtasari wa somo na vitabu hivyo ndivyo viwe dira, maana masomo ya kigeni hayakupangwa kwa kufuata muhtasari wetu, na mwanafunzi asiye na dira hutangatanga kutoka mada hadi mada.

Hata hivyo ni lazima tutahadhari na picha. Katika michoro mingi oksijeni hupakwa rangi nyekundu, kaboni nyeusi, naitrojeni buluu na haidrojeni nyeupe. Rangi hizo ni mapatano ya wachoraji tu. Atomi moja haina rangi kama rangi ya shati, na gesi ya oksijeni tunayovuta haionekani kabisa. Mwanafunzi asiyeambiwa hivyo hubeba kosa hilo hadi darasani kwake. Kila tuonapo picha ya molekuli, tujiulize: ni kipi hapa kilicho kweli, na ni kipi kilichowekwa kutusaidia kuona?

Kadhalika tuangalie tarehe ya somo. Vitabu na masomo ya zamani hueleza moli kwa kutumia atomi zilizomo katika gramu 12 za kaboni-12. Tangu tarehe 20 Mei 2019 moli imeelezwa kwa idadi kamili, yaani chembe 6.02214076 × 10²³. Hesabu za darasani hazibadiliki, lakini maana iliyoandikwa imebadilika, na mtahiniwa anapaswa kuijua.

Kalamu: tusitazame kabla ya kukisia

Hatari kubwa ya somo la kutazama ni wepesi wake. Mwalimu hodari anapokokotoa swali mbele yetu, kila hatua huonekana dhahiri, nasi tunatikisa kichwa kwa kukubali. Kesho yake, tukipewa swali lile lile na karatasi tupu, kalamu inakwama. Tulielewa jinsi yeye alivyofanya, hatukujifunza kufanya.

Dawa ya ugonjwa huu ni kusimamisha somo. Mwalimu wa kwenye simu ana sifa moja ambayo mwalimu wa darasani hana: anaweza kunyamazishwa kwa kidole. Baada ya swali kusomwa, tumsimamishe. Tuandike jibu letu, hata kama ni la kukisia, kisha tumwache aendelee na tulinganishe. Tuchukue swali hili:

Sentimeta za ujazo 25.0 za mmumunyo wa haidroksaidi ya sodiamu wenye ukolevu wa moli 0.1 kwa desimeta ya ujazo zilibatilishwa na sentimeta za ujazo 20.0 za asidi ya haidrokloriki. Tafuta ukolevu wa asidi.

Kabla ya kukokotoa, tukisie: je, asidi ina ukolevu zaidi ya besi au pungufu? Asidi iliyotumika ni kidogo kuliko besi, nayo imetosha kuibatilisha yote. Kwa kuwa molekuli moja ya asidi hii humenyuka na kipimo kimoja cha besi, basi asidi imekolea zaidi. Sasa tukokotoe. Moli za besi ni 0.1 × 25.0 ÷ 1000, yaani 0.0025. Moli za asidi ni hizo hizo 0.0025, nazo zilikuwa katika desimeta ya ujazo 0.0200. Ukolevu wake ni 0.0025 ÷ 0.0200, yaani moli 0.125 kwa desimeta ya ujazo. Jibu limekubaliana na kisio letu. Mwanafunzi aliyekisia kwanza, akipata 0.08 kwa kugeuza hesabu, atajua mara moja kwamba amepotea. Asiyekisia ataiandika 0.08 na kwenda kulala.

Lugha: kueleza kwa Kiswahili ni kipimo cha kuelewa

Kemia ya sekondari husomwa kwa Kiingereza, na mtihani wake huandikwa kwa Kiingereza. Walakini wengi wetu tutafundisha katika shule zinazotumia Kiswahili. Tusiuone mpaka huu kuwa balaa. Mtu anaweza kukariri sentensi ya Kiingereza bila ya kuifahamu, lakini hawezi kuieleza kwa lugha yake bila kuifahamu. Kwa hiyo tunashauri daftari ligawanywe safu mbili: upande mmoja maneno ya somo kama yalivyo, upande wa pili maelezo yetu kwa Kiswahili. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990, itasaidia katika istilahi.

Faida ya zoezi hili huonekana katika jambo ambalo huwatatiza wengi, nalo ni tofauti kati ya asidi dhaifu na asidi iliyozimuliwa. Katika mazungumzo ya kawaida zote mbili tungeziita asidi zisizo kali, na hapo ndipo mkanganyo unapozaliwa. Kuzimua ni kuongeza maji, kama tuzimuavyo togwa nzito. Asidi iliyozimuliwa ni ile yenye chembe chache za asidi ndani ya maji mengi. Kinyume chake ni asidi iliyokolea, kama chumvi inavyokolea katika mchuzi. Udhaifu ni jambo jingine. Asidi dhaifu ni ile ambayo sehemu ndogo tu ya molekuli zake huachia ioni za haidrojeni.

Tutazame hesabu. Asidi ya haidrokloriki yenye ukolevu wa moli 0.1 kwa desimeta ya ujazo ina pH 1, kwa sababu molekuli zake karibu zote zimeachia ioni. Asidi ya ethanoiki, ambayo ndiyo asidi ya siki, ikiwa na ukolevu ule ule wa 0.1, ina pH ipatayo 2.9 katika nyuzi 25 za sentigredi. Kati ya molekuli zake 1,000, ni takriban 13 tu zilizoachia ioni. Hata hivyo asidi hizi mbili, zikiwa na ujazo sawa, zitahitaji kiasi kile kile cha besi ili kubatilishwa. Maana ioni zilizo huru zinapotumiwa, molekuli zilizobaki huachia nyingine hadi zote zikaisha. Mwanachuo anayeweza kumweleza mwenzake jambo hili kwa Kiswahili sanifu, bila ya kutumia neno "kali" hata mara moja, ameielewa mada.

Mikono: kile ambacho kioo hakiwezi kutoa

Mtihani wa kemia wa Kidato cha Sita una karatasi za nadharia, na unayo pia karatasi ya vitendo ambayo mtahiniwa huifanya ndani ya maabara kwa mikono yake. Hapa ndipo wengi wanaosoma kwa intaneti huanguka. Mtu anaweza kutazama upimaji wa asidi kwa besi mara hamsini, na siku ya mtihani akaishika byureti kwa mara ya kwanza katika maisha yake.

Katika programu ya kompyuta, bomba la byureti halivuji wala halikwami. Tone huanguka pale tulipoamuru. Katika maabara, mkono wa kushoto unashika bomba na wa kulia unatikisa chupa ya koni. Jicho linatazama rangi, na tone moja, ambalo ni takriban sentimeta ya ujazo 0.05, linatosha kuigeuza fenolfthalini kutoka waridi hadi kutokuwa na rangi. Kusoma byureti nako kunataka mazoea. Jicho liwe sawa na uso wa kimiminiko, na kisomwe chini ya mbonyeo wake. Usomaji wa kwanza huwa wa kubahatisha, tuseme 20.60. Kisha mwanafunzi hurudia hadi apate vipimo visivyoachana kwa zaidi ya 0.10, kwa mfano 20.05, 19.95 na 20.00, ambavyo wastani wake ni 20.00.

Zaidi ya wepesi wa vidole, mikono hufundisha sababu. Tuulize: kwa nini byureti husuuzwa kwa asidi itakayotiwa humo, ilhali chupa ya koni husuuzwa kwa maji matupu? Aliyekariri atasema ndivyo ilivyoelekezwa. Aliyefanya kazi atafikiri hivi: maji yakibaki ndani ya byureti, yataizimua asidi, nayo si ile tena tuliyotaka kuipima. Lakini maji yakibaki katika chupa ya koni hayadhuru, kwa kuwa besi iliyotiwa kwa pipeti ina idadi ile ile ya moli, iwe ndani ya maji machache au mengi. Tuchukue pia kiputo cha hewa kilichobaki chini ya bomba. Kikitoka katikati ya kazi na kuacha nafasi ya sentimeta ya ujazo 0.50, usomaji utakuwa 20.50 badala ya 20.00, na ukolevu tutakaoupata utakuwa 0.122 badala ya 0.125. Kiputo kidogo kimetuletea jibu lisilo la kweli, na hakuna hesabu itakayotuonya.

Kwa hiyo mwanachuo mwenye nia ya mtihani asingoje miezi ya mwisho. Mapema aombe ruhusa, kwa kupitia chuo chake, atumie maabara ya sekondari ya jirani siku zisizo za masomo, chini ya uangalizi wa mwalimu wa kemia au mtunza maabara. Ni bora asubuhi sita za kazi ya kweli kuliko mwaka mzima wa kutazama.

Kwa mazoezi ya kila siku vifaa vya jikoni vinatosha. Chemsha rozela kavu upate maji mekundu. Loweka majivu ya kuni, uyachuje kwa kitambaa. Maji yake ni alikali, hivyo yasiingie machoni. Pima kijiko kimoja cha maji hayo, tia matone machache ya rozela, nayo yatageuka kijani. Sasa jaza maji ya limau yaliyochujwa katika bomba la sindano lisilo na sindano, udondoshe tone moja moja ukihesabu na kutikisa, hadi rangi nyekundu irudi na kudumu. Andika idadi ya matone. Rudia mara tatu. Kisha zimua limau kwa maji ya kiasi sawa na ufanye tena: idadi ya matone itaongezeka takriban mara mbili. Hapo ukolevu si neno tena. Ni kitu kilichohesabiwa.

Tunaonya jambo moja. Katika intaneti yamo majaribio yanayofanywa kwa ajili ya kushangaza watu. Tusiyaige. Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe ikichanganywa na siki hutoa gesi ya klorini yenye sumu. Asidi ya betri huunguza ngozi na kupofusha macho. Jaribio ambalo hatujui zao lake tusilifanye, wala tusiwaonyeshe watoto.

Kikundi na gharama

Vifurushi vya intaneti vina gharama, na masomo ya picha huvimaliza upesi. Ni busara wanachuo wanne au watano wafanye kikundi. Mmoja apakue somo la juma pale mtandao unapopatikana kwa nafuu, kisha wote walitazame pamoja. Lakini kikundi kina faida kubwa kuliko kupunguza gharama. Mwalimu wa kwenye simu hajui kama tumeelewa, wala hawezi kuulizwa. Mwenzetu anaweza. Kila mkutano, mwanakikundi mmoja afundishe sehemu ya somo bila ya simu, na wengine waulize. Pale atakapokwama ndipo pa kurudia.

Kutoka maabara hadi darasa la tano

Huenda mwanachuo akauliza: moli na pH vina faida gani kwa mtu atakayefundisha watoto wa miaka kumi na mmoja? Hatutawafundisha watoto hesabu hizo. Lakini mwalimu aliyeielewa mada kwa undani hujua ni swali lipi la mtoto linalogusa jambo kubwa. Mtoto akiuliza, "Mwalimu, limau likitiwa maji mengi litaacha kuwa chachu?" mwalimu mwenye maneno ya kukariri atasema nyamaza tuendelee. Mwalimu aliyehesabu matone atasema: "Lete kikombe tujaribu."

Ili wasomaji wetu wasiishie kusoma makala haya kwa macho tu, tunawapa kazi tatu:

1. Fanyeni jaribio la rozela, majivu na limau katika vikundi. Je, vipimo vyenu vitatu vilikubaliana? Kama havikukubaliana, tafuteni chanzo kabla ya kurudia.

2. Chagueni somo moja la intaneti kuhusu asidi na besi. Andikeni mambo mawili yaliyoonyeshwa vizuri kuliko ambavyo ubao ungeweza, na moja ambalo mtazamaji hawezi kulijua mpaka alifanye mwenyewe.

3. Tayarisheni andalio la somo la dakika 40 kwa darasa la tano juu ya asidi na besi, ambalo ndani yake kila mtoto atashika kitu kwa mikono yake kabla ya mwalimu kuandika maana yoyote ubaoni. Litumieni katika mazoezi ya kufundisha, na mrekebishe mtakapoona watoto wamekwama.